Imla ya Hisabati



Leo nataka kuitumia redio kwa kazi ambayo si kawaida yake: kufundisha namna ya kuandika hesabu kwenye kompyuta. Najua wapo watakaoguna. Hesabu ni kitu cha kuonwa ubaoni, kompyuta ni kitu cha kuonwa kwenye kioo, na redio haina ubao wala kioo. Nivumilie robo saa tu. Nadhani tutakapoagana utakuwa umekubali kwamba somo hili ni la masikio kuliko la macho.

Nianze na kisa. Ni wiki ya mitihani ya muhula, saa nne usiku. Mwalimu wa Hisabati amekaa mbele ya kompyuta mpakato, betri imebaki robo, na umeme ulikatika tangu magharibi. Karatasi aliyoiandika kwa mkono iko kushoto kwake, safi, maswali 25. Kilichobaki ni kuitaipu tu. Swali la kwanza linakwenda, la pili linakwenda. Anafika la saba: kipeuo cha pili cha sehemu, juu kuna herufi mbili, chini kuna mabano yaliyopandishwa kipeo. Hapo mkono unaacha kibodi na kushika kipanya. Anabofya huku, anafungua orodha kule, anachagua umbo la kipeuo, kinatokea kijisanduku cha nukta nukta. Anakijaza. Anadhani ametoka nje ya kijisanduku, kumbe bado yumo: kila anachoandika kinaingia chini ya paa la kipeuo. Anafuta, anaanza upya. Mwisho anakata shauri. Anaacha pengo jeupe kwenye karatasi. Ataprinti, kisha atalijaza kwa kalamu kabla ya kupeleka kudurufu.

Mwalimu huyo ni mimi. Na pengo lile nililijaza kwa kalamu si mwaka mmoja wala miwili.

Ajabu ni kwamba walimu walionifundisha mimi walifanya vivyo hivyo. Wao walikuwa na taipureta na stensili. Taipureta haikuwa na alama ya kipeuo, kwa hiyo waliruka nafasi, wakaichora alama kwa kalamu ya chuma juu ya stensili, ndipo wakaipitisha kwenye mashine ya wino. Wao walikuwa na udhuru. Mimi nilikuwa na mashine iliyojua kuandika kila alama ya hisabati iliyowahi kunifikia, nami nikaitumia kama taipureta. Wahenga walisema, mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Mkono wangu ulikuwa umezoea kipanya.

Sasa nikwambie nilichochelewa kukijua. Kompyuta haitaki uichoree hesabu. Inataka uisomee. Unakumbuka imla? Mwalimu anasoma kifungu, anatua, wanafunzi wanaandika, anaendelea. Basi kuandika hesabu kwa kibodi ni imla, na mwanafunzi wako ni mashine. Ukijua kuisoma hesabu kwa sauti, mtu aliye chumba cha pili akaiandika bila kukosea, basi kazi yote unaijua tayari. Kinachobaki ni vitufe vichache.

Kama una kompyuta karibu, ivute. Fungua Microsoft Word, toleo la 2007 au lolote la baada yake. Kushoto kwa kile kitufe kirefu cha nafasi kuna kitufe kilichoandikwa Alt. Kishike, usikiachie. Kwa kidole kingine gusa alama ya sawasawa, vile vistari viwili vilivyolala sambamba. Achia vyote. Kisanduku cha mlinganyo kimefunguka palepale ulipokuwa ukiandika. Wenye kompyuta za Apple, badala ya Alt shikeni Control. Huo ndio mlango, na hukugusa kipanya.

Ukishaingia, anza imla. Andika herufi a, kisha mkwaju, kisha b. Mkwaju ni kile kistari kilichoegama, kinachokaa kitufe kimoja na alama ya kuuliza. Sasa gusa kitufe cha nafasi. Tazama: a imepanda juu, b imeshuka chini, na mstari umelala katikati yao. Kiasi na asili, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Kile kitufe cha nafasi ndicho kutua kwako katika imla. Maadamu hujatua, mashine inasikiliza, ukitua, inaandika.

Kipeo nacho? Juu ya tarakimu 6 kwenye kibodi nyingi kuna alama kama paa la nyumba ndogo. Andika x, paa, 2, nafasi: umepata x ya kipeo cha pili. Ukitaka namba ikae chini, kama x ya kwanza na x ya pili, tumia kistari cha chini, kile kinachokaa kitufe kimoja na alama ya kutoa. x, kistari cha chini, 1, nafasi. Paa hupandisha, kistari cha chini hushusha. Alama zenyewe zinakuonyesha zielekeako.

Sasa tufike penye utamu, na penye hatari. Nikikusomea hivi: a jumlisha b kwa c, utaandika nini? Huenda ukaweka a peke yake pembeni, na sehemu ikawa ya b kwa c. Huenda ukaweka a na b zote juu ya mstari. Mwalimu mzuri wa imla hulijua tatizo hili, ndiyo maana husema: a jumlisha b, yote, kwa c. Lile neno “yote” ndilo linalookoa. Kompyuta haisikii sauti yako ikipanda na kushuka, kwa hiyo “yote” yako uiandike kwa mabano. Fungua mabano, a jumlisha b, funga mabano, mkwaju, c, nafasi. Uzuri wake ni kwamba mabano yale, yakishamaliza kazi ya kuonyesha nini kinakwenda na nini, yanatoweka yenyewe. Ukitaka yaonekane kwenye karatasi, yaandike mara mbili: seti moja itaondoka na seti moja itabaki.

Unaweza kudhani ni jambo dogo. Nikusimulie. Mwaka mmoja, kwa kukimbia usumbufu wa kisanduku, niliandika swali kwa mstari mmoja kama maandishi ya kawaida: moja, mkwaju, mbili, x. Kichwani mwangu ilikuwa nusu ya x. Mwanafunzi mmoja, na hakuwa mzembe, akaisoma kuwa moja kwa mbili x, yaani x iko chini ya mstari. Akakokotoa vizuri kabisa, hatua kwa hatua, akafika kwenye jibu lisilokuwemo kwenye mwongozo wangu wa kusahihisha. Nikamwekea mkasi. Alipokuja na karatasi yake kuniuliza, nikaitazama, nikatazama swali, nikaona aibu. Alama zake nilizirudisha. Lakini nilijiuliza: wangapi kabla yake walisoma kama yeye, wasije kuuliza? Mtihani hupima mtoto. Haufai kumpima kwa uvivu wa vidole vya mwalimu.

Na kuna ubaya mwingine wa kimyakimya. Mwalimu akiogopa kutaipu swali, huliacha. Swali zuri la vipeuo linabadilishwa kuwa jepesi, si kwa sababu wanafunzi hawaliwezi, bali kwa sababu halichapiki. Kibodi ndiyo inayotunga mtihani.

Turudi kwenye imla. Zipo alama ambazo hazimo kwenye kibodi kabisa: kipeuo, pai, alama ya jumlisha-au-toa, si sawa na, isiyo na mwisho. Hizo zinaitwa kwa majina yake, na jina hutanguliwa na mkwaju wa kinyume, ule ulioegama upande wa pili. Kwenye kibodi nyingi unakaa juu ya Enter. Mkwaju huo wa kinyume ni kama kupiga meza kidogo kabla ya kusema. Unaiambia mashine: neno linalokuja ni amri, usiliandike lilivyo. Mkwaju wa kinyume, p, i, nafasi: unapata pai. Mkwaju wa kinyume, t-h-e-t-a, nafasi: unapata theta ya pembe. Herufi zote za Kigiriki huitwa hivyo, na ukianza jina kwa herufi kubwa unapata herufi kubwa yake; delta yenye D kubwa ni ile pembetatu ya mabadiliko wanayoitumia watu wa Fizikia. Kipeuo ni s-q-r-t. Jumlisha-au-toa ni p-m. Kuzidisha ni t-i-m-e-s. Si sawa na ni n-e. Nyuzi ni d-e-g-r-e-e. Mkusanyo, ile sigma kubwa, ni s-u-m, na alama ndefu ya kalkulasi, ile inayofanana na nyoka aliyesimama, ni i-n-t. Hizi mbili ukizifuatisha na kistari cha chini na paa, mipaka inakaa mahali pake, mmoja chini na mmoja juu.

Tufanye zoezi moja zima. Ile kanuni ya kutafutia majibu ya milinganyo yenye kipeo cha pili, ambayo kila aliyepita sekondari aliimba mpaka akaiota. Nisikilize kama mwanafunzi wa imla. x, sawasawa, fungua mabano, toa b, mkwaju wa kinyume p-m, nafasi. Mkwaju wa kinyume s-q-r-t, nafasi. Fungua mabano, b, paa, 2, toa, 4ac, funga mabano. Funga mabano. Mkwaju, fungua mabano, 2a, funga mabano, nafasi. Kwa wanaosoma mazungumzo haya kwenye karatasi, mstari wenyewe ni huu:

x=(-b\pm \sqrt (b^2-4ac))/(2a)

Ni vitufe 31, ukiacha kile cha kushikilia herufi za juu. Mkono haukuondoka kwenye kibodi hata mara moja. Nilipojifunza mara ya kwanza nilikosea mabano mara tatu. Mara ya nne ilitoka, nami nikakaa nikiitazama kama mtu aliyepokea mgeni wa heshima.

Sasa, msikilizaji, nataka tutoke kidogo darasani, kwa sababu jambo hili lina historia, na historia yake inazunguka kama gurudumu.

Mwanzoni mwa karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho ndani ya jina lake tumelitoa neno aljebra. Kitabu kizima hakina alama hata moja. Hakina x, hakina jumlisha, hakina sawasawa. Ni maneno matupu. Kile kisichojulikana alikiita jidhr, yaani mzizi, na mzizi ukizidishwa kwa wenyewe aliuita mal. Ndiyo, mal, neno lilelile lililovuka bahari likawa mali yetu. Hesabu yake mashuhuri inasema hivi: mali moja, ukiiongezea mizizi yake kumi, inakuwa 39. Mzizi ni ngapi? Ukiwa jikoni unaweza kuifanya kwa kichwa. Mzizi ni 3: mali yake ni 9, mizizi kumi ni 30, jumla 39. Hiyo ni aljebra inayosomeka redioni bila shida, kwa sababu ilizaliwa kuwa ya kusemwa.

Lakini maneno ni marefu, na mikono huchoka. Mwaka 1557, daktari mmoja mzaliwa wa Wales, Robert Recorde, alichapisha kitabu cha hesabu London. Alikuwa amechoka kurudia kila mara kuandika kwamba hiki ni sawa na kile. Akachora vistari viwili sambamba, akaeleza kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Hapo ndipo alama ya sawasawa ilipozaliwa. Kwa hiyo, alama ile unayoigusa pamoja na Alt ili mlango ufunguke, yenyewe ni njia ya mkato, na ina zaidi ya miaka 460.

Alama zikaongezeka, kalamu ikafurahi, lakini wachapaji wakalia. Kupanga kipeo juu ya kipeo kwa herufi za risasi ilikuwa kazi ya mafundi wachache na ghali. Taipureta ilipokuja haikusaidia sana. Ndipo katikati ya miaka ya 1970, kwenye maabara za Bell huko Marekani, Brian Kernighan na Lorinda Cherry walipotengeneza programu iliyoitwa eqn, wakaieleza kwenye makala yao ya mwaka 1975. Wazo lao lilikuwa lile ninalokuimbia tangu mwanzo: mtu aandike mlinganyo kama unavyosomwa kwa sauti. Walitaka hata mchapaji asiyejua hisabati aweze kuandika anachosomewa.

Baada yao akaja Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, akaona hesabu zimechapwa vibaya mno, akakasirika. Akaamua kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa. Alidhani itamchukua likizo ya masomo moja tu. Ilimchukua kama miaka 10. Programu hiyo inaitwa TeX, na kutoka kwake, pamoja na LaTeX iliyoandikwa na Leslie Lamport miaka ya 1980, dunia ya wanahisabati ilizoea mkwaju wa kinyume na majina ya alama. Knuth aliahidi dola 2 na senti 56 kwa kila atakayemwonyesha kosa kwenye vitabu vyake, na wengi waliozipata hundi hizo walizitundika ukutani badala ya kwenda nazo benki. Mwishoni, Murray Sargent, mwanafizikia wa leza aliyehamia Microsoft, ndiye aliyeiingiza imla hii kwenye Word ya 2007. Kwa Knuth alichukua mkwaju wa kinyume. Kwenye daftari la kila mtu alichukua mkwaju wa kawaida na mabano.

Tazama mzunguko wenyewe. Al-Khwarizmi alianza na maneno. Recorde na wenzake wakayageuza maneno kuwa alama, kwa sababu mkono ulichoka. Kompyuta ikaja, alama zikawa ndizo zinazochosha mkono, nasi tukarudi kwenye maneno. Tofauti ni kwamba sasa unasema neno, na mashine ndiyo inayochora alama.

Faida ya mzunguko huo haiishii kwa mwalimu mwenye haraka. Mwanafunzi asiyeona hawezi kubofya picha ya kipeuo. Lakini mstari wa maneno, mikwaju na mabano anaweza kuuandika mwenyewe, na programu ya kusoma kioo inaweza kumsomea herufi kwa herufi. Hesabu iliyokuwa picha imekuwa maandishi, na maandishi yana mlango wa sikio.

Hapo ndipo linapokuja jambo ninalolipenda kuliko yote. Umesikia amri zote nilizotaja: s-q-r-t, t-i-m-e-s, d-e-g-r-e-e. Ni Kiingereza, na nyingine ni Kiingereza kilichokatwa mkia. Tanzania Bara, Hisabati ya shule za msingi za umma inafundishwa kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwalimu wa darasa la sita anasema kipeuo, anasema kuzidisha, anasema nyuzi. Kwa nini aiambie mashine neno lingine?

Si lazima. Ndani ya Word kuna daftari la amri hizi, na daftari hilo linaandikika. Fungua File, kisha Options, kisha Proofing, kisha AutoCorrect Options, halafu ukurasa ulioandikwa Math AutoCorrect. Utaona safu mbili: kushoto ni kile unachoandika, kulia ni kile kitakachotokea. Kushoto andika mkwaju wa kinyume na neno kipeuo. Kulia weka alama ya kipeuo. Alama utaipata hivi: kabla ya kufungua daftari, kwenye ukurasa wa kawaida andika 221A, kisha shika Alt na uguse X, maandishi yale yatageuka kuwa alama ya kipeuo, uikopi. Bonyeza Add. Basi. Kuanzia hapo, ukiwa ndani ya mlinganyo ukaandika mkwaju wa kinyume, kipeuo, nafasi, mashine itakuelewa kwa lugha unayofundishia. Fanya hivyo kwa zidisha, kwa nyuzi, kwa jumlisha-au-toa. Usiache ule mkwaju wa kinyume mwanzoni. Ndio unaotenganisha neno unaloliamuru na neno unaloliandika.

Nikutahadharishe: daftari hilo linakaa kwenye kompyuta yako, halisafiri na faili. Ukihamia mashine nyingine utalijaza upya. Lakini mlinganyo uliokwisha kuandikwa hauna tatizo. Popote utakapofunguliwa ni mlinganyo.

Nipitie haraka mambo machache yanayowakwaza watu. Kama ni kipeo kimoja tu katikati ya sentensi, mita za mraba au fomula ya maji, usifungue kisanduku. Ctrl, Shift na sawasawa hupandisha. Ctrl na sawasawa hushusha. Ukirudia unarudi kawaida. Kwenye Google Docs ni Ctrl na nukta kupandisha, Ctrl na koma kushusha. Kwa wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, andika f na n, gusa F3, na mlinganyo wenye namba yake unatokea. Humo sehemu huandikwa kwa neno o-v-e-r, na “yote” huandikwa kwa mabano yenye viuno.

Kama alama ya mlinganyo imefifia na haibonyezeki, tazama faili lako. Huenda ni la mtindo wa zamani, lenye mwisho wa doc bila x. Lihifadhi kwa mtindo mpya. Na kama una mitihani ya miaka ya nyuma ambayo milinganyo yake inaonekana ila haihaririki, usidhani umeharibu kitu. Kile kihariri cha zamani kiliondolewa na Microsoft Januari 2018, baada ya kugundulika kwamba kilikuwa na tundu ambalo wadukuzi waliweza kupitia. Iandike upya kwa imla. Utamaliza mapema kuliko unavyodhani. Jambo la mwisho: kabla ya kupeleka mtihani kwenye duka la steshenari na flashi yako, uhifadhi pia kwa PDF. Mashine ya pale dukani huenda ni ya zamani, na hutaki kugundua hivyo saa moja asubuhi ya siku ya mtihani.

Atakuwepo wa kuniambia: mimi naandika mtihani mara tatu kwa mwaka, yote haya ya nini? Namjibu kwamba hakuna “yote haya”. Kuna Alt na sawasawa. Kuna mkwaju, paa, kistari cha chini, mabano na mkwaju wa kinyume. Na kuna kutua. Ni mambo saba. Kazi ngumu, ile ya kujua nini kiko juu ya nini na nini kinakwenda na nini, uliimaliza siku ulipoielewa hesabu yenyewe.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako mwalimu, kwako mwanafunzi wa chuo unayeandika tasnifu, kwako dada wa steshenari unayetaipu mitihani ya shule za mtaa mzima. Kesho ukiwasha kompyuta, kisogeze kipanya pembeni, kigeuze tumbo juu, uandike mlinganyo mmoja kwa kuusema. Mmoja tu.

Na ukikosa wa kuanzia, chukua lile swali langu la saba. Mkwaju wa kinyume, kipeuo, nafasi. Fungua mabano. a, b, mkwaju, fungua mabano, c jumlisha d, funga mabano, paa, 2. Funga mabano. Tua.

Usiku mwema.